Poti 25 ifungwe, lakini mwenye seva halali asifungiwe nje

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwa wakuu wa ufundi wa kampuni zote zinazouza intaneti nchini.

YAH: BARUA PEPE TAKA ZINAZOTOKA KWENYE LAINI ZA WATEJA

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni mafundi wa seva na mitandao tunaohudumia ofisi za Jiji la Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani: mawakala wa forodha, wasafirishaji wa mkonge, shule, zahanati, maduka ya vipuri. Ombi letu ni moja lenye pande mbili zisizoachana. Laini za nyumbani, laini za simu na laini zote zenye anwani ya IP (namba ya laini kwenye intaneti) inayobadilika zifungiwe poti 25 ya kutokea. Na mwenye seva yake mwenyewe kwenye anwani ya kudumu afunguliwe poti hiyo bure, kwa fomu ya ukurasa mmoja, ndani ya siku moja ya kazi. Upande wa kwanza ukitekelezwa peke yake, ofisi zinazojiendeshea barua pepe zitakwama. Pande zote mbili zikiachwa, anwani za IP za nchi hii zitaendelea kupoteza heshima huko nje, na anayelipa gharama ni mteja asiyejua hata kosa lake.

Mjini kwetu neno poti linampeleka mtu gatini moja kwa moja, kwa hiyo tufafanue kwa ajili ya wasomaji wasio mafundi. Poti ya mtandao ni namba inayoiambia kompyuta inayopokea kwamba mgeni huyu amekuja kwa kazi gani. Tovuti hupita 443. Barua pepe kati ya seva na seva hupita 25. Utaratibu wa kupelekeana barua pepe, SMTP, ulipoandikwa mwaka 1982, poti 25 ilikuwa ya kila kitu: mtu aliitumia kuikabidhi barua kwa seva yake, na seva iliitumia kuipeleka kwa seva nyingine. Haikuuliza nywila, na kati ya seva na seva haiulizi hadi leo, maana seva inayopokea haiwezi kuwa na nywila ya kila anayeweza kumwandikia mtu wake. Desemba 1998, kwa waraka wa viwango vya intaneti RFC 2476, kazi hizo mbili zilitenganishwa. Anayekabidhi barua kwa seva yake akapewa poti 587, ambako seva ina haki ya kumuuliza yeye ni nani kabla ya kupokea chochote. Mwaka 2018 waraka RFC 8314 ukapendekeza poti 465, ambayo mazungumzo yake husimbwa tangu mwanzo. Kwa hiyo mtu mwenye simu au kompyuta mpakato leo hana haja na poti 25. Akisoma barua kwenye kivinjari yuko 443; akitumia programu ya barua kama Thunderbird au Outlook iliyopangwa sawasawa yuko 587 au 465.

Nani basi anabaki akitumia poti 25 kutoka nyumbani? Wapo watu wachache wenye seva wanaojua wanachofanya, zipo mashine za zamani ambazo hazijabadilishwa mipangilio, na kuna virusi. Kompyuta ikiambukizwa, mara nyingi kwa fleshi iliyozunguka steshenari tatu nne au kwa programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, virusi vya aina hii huja na kijiseva chao cha SMTP ndani. Havihitaji akaunti ya mwenye kompyuta wala nywila yake. Vinaiuliza DNS, daftari la majina ya intaneti, rekodi ya MX, yaani ipi ni seva ya barua ya kikoa (jina la baada ya @) kinacholengwa, vinaigongea seva hiyo poti 25, vinaacha barua na kuondoka kwenda kwa mwingine. Barua kama hiyo ikiwa na kilobaiti 5, barua 10,000 ni megabaiti 50, kabla hujahesabu mazungumzo ya kufungua na kufunga kila muunganisho na majaribio yote yaliyokataliwa. Mwenye kompyuta haoni kitu kwenye skrini. Anachoona ni bando kuisha kabla ya siku zake, na analaumu kampuni iliyomuuzia.

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamgusa anayerusha ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Mwenye kompyuta iliyotekwa hana nia yoyote, na anayeiendesha kwa siri huenda yuko bara jingine. Sheria peke yake haimfikii. Poti iliyofungwa inamfikia, tena bila kufungua barua ya mtu yeyote, kwa sababu inayoangaliwa ni namba ya poti tu.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya jinsi intaneti yetu inavyogawiwa. Wateja wengi wako kwenye laini za simu, na anwani za IPv4, yaani za mtindo wa zamani, hazitoshi. Kampuni humpa mteja anwani ya ndani, mara nyingi kutoka fungu la 100.64.0.0/10 lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, kisha mamia au maelfu ya wateja wanatokea duniani kwa anwani moja. Nje huko wote wanaonekana mtu mmoja. Kompyuta moja ya Makorora ikianza kumwaga barua taka, anwani hiyo huingia kwenye orodha nyeusi kama XBL ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha vyanzo vya barua taka, na mwalimu wa Lushoto aliye nyuma ya anwani hiyohiyo anaanza kutakiwa na kila tovuti athibitishe kuwa ni binadamu kwa kuchagua picha za taa za barabarani. Naye hajatuma barua hata moja.

Hali huwa mbaya zaidi pale kampuni inapochanganya mafungu. Mteja wa biashara ananunua anwani ya kudumu, anapewa namba iliyo katikati ya fungu la /24, yaani anwani 256, ambalo zilizobaki ni za laini za nyumbani. Seva zinazopokea hazihukumu namba moja moja tu, zinaangalia na majirani zake. Barua ya wakala wa forodha yenye nakala ya hati ya shehena inaangukia kwenye folda ya taka ya wakala wa meli, au inarudi na msimbo wa 550, yaani imekataliwa. Wakati huo kontena liko bandarini na gharama za kulihifadhi zinapanda kila siku. Tunaomba basi mafungu yatenganishwe kwenye karatasi na kwenye ruta: ya anwani zinazobadilika mbali, ya anwani za kudumu mbali. Yale ya kwanza yaandikishwe kwenye PBL, orodha ya Spamhaus iliyoanza mwaka 2007 kwa ajili ya anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Mwenye mtandao anaweza kuandikisha mafungu yake mwenyewe.

Sasa namna ya kufunga. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu kufunga vibaya kunaumiza kuliko kutofunga.

Mwanzo ni kuhesabu bila kuzuia, kwa siku 14. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo kampuni ndogo nyingi zinazo, inatosha kanuni moja katika mnyororo wa forward, unaosimamia pakiti zinazopita ndani ya ruta: protocol=tcp, dst-port=25, action=add-src-to-address-list, na address-list-timeout=14d. Orodha hiyo isomwe pamoja na kumbukumbu za NetFlow, zinazoonyesha nani ameunganisha na nani. Laini inayogonga seva mbili au tatu zilezile kila siku karibu hakika ni printa au ofisi. Laini inayogonga mamia ya seva tofauti ndani ya saa moja imetekwa, na mwenyewe apigiwe simu kabla ya siku ya kufunga haijafika, kwani poti ikishafungwa virusi bado vimo ndani na vinaweza kufanya kazi nyingine, kama kuiba nywila za benki.

Kanuni ya kuzuia yenyewe ikatae kwa kujibu, isinyamaze: action=reject na reject-with=tcp-reset, si drop. Ukitumia drop, printa ya mteja inakaa ikisubiri jibu lisilokuja, kisha inatoa kosa lisiloeleweka, na mteja anasema mtandao ni mbovu. Ukijibu, kosa linaonekana papo hapo na fundi anajua pa kuanzia. Kwa seva za ofisi hata hilo halitoshi. Postfix, programu ya seva ya barua, ikikataliwa muunganisho huirudisha barua kwenye foleni na kujaribu tena, na kwa mipangilio inayokuja nayo haimwambii mtumaji neno mpaka siku 5 zipite. Karani anaamini barua imekwenda. Jumatatu hadi Jumamosi yote hakuna anayejua. Ndiyo maana tunasisitiza taarifa itolewe mapema.

Kanuni iwekwe juu ya zile zinazoruhusu kila kitu, la sivyo haitafikiwa kamwe. Iwekwe upande ambao anwani ya ndani ya mteja bado inaonekana. Ikiwekwa mpakani baada ya anwani kubadilishwa, huwezi kumfungulia mteja mmoja bila kuwafungulia wote anaochangia nao anwani. Kwenye MikroTik mnyororo wa forward huona anwani ya ndani ya barua inayotoka, kwa hiyo hapo pako salama. Orodha ya walioruhusiwa itajwe ndani ya kanuni hiyohiyo, src-address-list=!ruhusa25, ili kumwongeza mteja iwe kazi ya mstari mmoja. IPv6, mtindo mpya wa anwani, ina meza yake tofauti ya kanuni. Anayefunga IPv4 akaisahau IPv6 amefunga mlango na kuacha dirisha wazi, na siku virusi vitakapojaribu njia hiyo hakuna kitakachovizuia.

Kuna hila nyingine isiyosemwa sana. Mrusha taka mwenye laini nene mahali pengine hutuma pakiti zake akijifanya ana anwani ya mteja wa hapa, na majibu ya seva yanarudi kwa kompyuta iliyotekwa hapa, ambayo inamrushia yeye. Pakiti za kwenda hazipiti kwenu kabisa, hivyo kuzuia poti 25 ya kutokea hakuzioni. Dawa ni kuzuia pia pakiti zinazoingia kwa wateja hao zikiwa zimetoka poti 25, yaani src-port=25. Na kila kampuni ihakikishe hakuna pakiti inayotoka kwake yenye anwani isiyo yake. Hilo liliandikwa tangu Mei 2000 kwenye RFC 2827, na bado kuna mitandao isiyolifanya.

Poti 587 na 465 zisiguswe. Isije ikatokea mhandisi akafunga zote tatu kwa sababu zote "ni za barua pepe". Huyo atakuwa amewafungia watu njia ileile tunayowaelekeza waitumie.

Vilevile tunapinga kwa nguvu njia ya mkato ya kuziteka barua zote za poti 25 na kuzipitisha kwenye seva ya kampuni bila mteja kujua. Barua hiyo itatoka kwenye anwani ambayo haimo kwenye rekodi ya SPF ya mwenye kikoa, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, kwa hiyo itaonekana ya kughushi. Usimbaji kati ya seva ya mteja na seva anayoiandikia unakatika, na barua ya daktari au mwanasheria inapita mikononi mwa mtu wa tatu. Zipo pia ngome za mtandao zinazochezea mazungumzo ya SMTP zenyewe: ukiunganisha poti 25 ukaona salamu ya 220 inafuatwa na nyota tupu, au neno STARTTLS, amri ya kuanza usimbaji, limegeuzwa kuwa mfuatano wa herufi X, katikati pana kifaa kinachoingilia. Kizimwe.

Tukija kwa watakaoguswa, mafundi wenzetu wanajua wa kwanza watakuwa akina nani: printa zinazoskani na kutuma barua, DVR (vinasa picha) za kamera zinazotuma tahadhari, programu za uhasibu zinazotuma ankara, na kompyuta zilizopangwa kwa maelekezo ya zamani ya kampuni za kuhifadhi tovuti. Karibu zote zinarekebishika kwa dakika kumi. Kwenye mipangilio ya seva ya kutuma, badilisha poti 25 iwe 587, chagua STARTTLS (au 465 na SSL/TLS), washa uthibitisho, weka anwani kamili ya barua pepe kama jina la mtumiaji, si sehemu ya kabla ya alama ya @ peke yake, kisha nywila. Akaunti ikiwa na uthibitisho wa hatua mbili, printa itahitaji nywila yake maalumu ya programu. Hakikisha saa na tarehe ya mashine viko sawa. Printa inayoamini ni mwaka 2010 itakikataa cheti cha seva na kusema tu kwamba imeshindwa.

Zinazosumbua kweli ni mashine kongwe zisizojua TLS (usimbaji wa mazungumzo) ya kisasa. Kuzitupa si lazima. Kompyuta yoyote ya ofisini inayokaa imewaka, hata ya zamani yenye Debian, inaweza kuwa mpokezi: Postfix yenye relayhost inayoelekea kwenye seva ya ofisi kwa poti 587, smtp_sasl_auth_enable=yes, smtp_tls_security_level=encrypt, na mynetworks iliyobanwa kwenye anwani za ndani ya ofisi tu, mfano 192.168.1.0/24. Printa inaipelekea yenyewe kwa poti 25 ndani ya jengo, na poti hiyo haitoki nje ya ukuta. Mynetworks ikiachwa wazi kwa dunia nzima, umetengeneza mtambo wa taka mbaya kuliko virusi. Tafadhali ikaguliwe mara mbili.

Fomu ya kufunguliwa isiwe na zaidi ya haya: jina la mteja na namba ya huduma, anwani ya kudumu, kikoa, jina la seva, na anwani ya mtu atakayejibu malalamiko. Mteja akishafunguliwa apewe na rekodi ya PTR, inayogeuza anwani ya IP kuwa jina, inayolingana na jina la seva yake, maana kwenye DNS ya kinyume mwenye madaraka ni kampuni iliyopewa fungu na AFRINIC, mgawaji wa anwani za IP barani Afrika, si mteja. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) na awe na PTR sahihi. Anayetuma kuanzia barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC (agizo la kufanya nini na barua isiyothibitika) zote. Kumfungulia mteja poti 25 bila PTR ni kumpa leseni ya kuandika barua zisizofika. Ada ya anwani ya kudumu tunaielewa. Ada ya kufunguliwa poti hatuielewi.

Wapo wanaosema warusha taka watahamia poti 587 kwa nywila za kuiba. Ni kweli, na wengine wameshahamia. Tofauti ni kwamba kule kuna akaunti yenye mwenyewe. Msimamizi wa seva anaona akaunti moja imetuma barua 3,000 usiku, anaifunga, anabadilisha nywila, kesho kazi inaendelea. Anaweza pia kuweka kikomo cha barua kwa saa. Kwenye poti 25 inayotoka laini ya nyumbani hakuna msimamizi wa kumuuliza.

Wengine wanaogopa kwamba leo ni poti 25, kesho ni huduma nyingine wasiyoipenda wakubwa. Hofu hiyo tunaichukulia kwa uzito, na sisi tunayo. Ndiyo maana tunaomba agizo liandikwe, litaje poti 25 ya TCP peke yake, litaje aina za laini zinazohusika, litangazwe hadharani, na limpe kila mteja haki ya kuomba afunguliwe. Kufunga kimyakimya, kila kampuni kwa namna yake, ndiko kunakostahili kuogopwa.

Na tusiwadanganye wananchi. Kufunga poti hii hakutapunguza taka kwenye sanduku la mtu siku ya kwanza, kwa sababu zinazomfikia zinatoka kwingine. Hakutagusa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kinachopatikana ni usafi wa anwani zetu, na matunda yake yataonekana polepole.

Brazil walikuwa kwenye hali mbaya kuliko yetu, wakitajwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya barua taka duniani. Kamati yao ya intaneti, CGI.br, iliwakalisha pamoja mdhibiti, kampuni za simu na wenye huduma za barua pepe. Wenye barua pepe walitangulia kuwahamisha wateja wao kwenda 587, kisha kampuni za simu zikafunga 25 kwenye laini za nyumbani mwaka 2012 na 2013. Nchi ikashuka sana kwenye orodha hizo. Somo kwetu liko kwenye mpangilio ule: kuhamisha kulitangulia, kufunga kukafuata.

Kwa TCRA tunaomba agizo hilo, na tunaomba kila mwenye leseni awe na sanduku la abuse@ kwenye kikoa chake linalosomwa na binadamu kila siku ya kazi, huku TZ-CERT, kikosi cha taifa cha dharura za kompyuta, ikipokea nakala za malalamiko yasiyojibiwa. Kwa kampuni tunaomba ratiba hii: siku 14 za kuhesabu, siku 60 za taarifa kwa SMS ya Kiswahili na bango kwenye ofisi za huduma, ikieleza poti 587 na namba ya kupiga, kisha laini mpya zifungwe kwanza, na zilizopo zifungwe mwezi mmoja baadaye, siku ya Jumanne asubuhi, si Ijumaa jioni wakati mtu wa huduma kwa wateja ameshaondoka.

Tanga inafaa kuanziwa. Mji una laini za nyumbani kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, una ofisi za bandari zenye seva zao, na si mkubwa kiasi cha makosa kushindwa kurekebishwa kwa siku moja. Mafundi wa hapa tuko tayari kuzipitia ofisi tunazozihudumia na kubadilisha printa na DVR zao ndani ya zile siku 60. Tunachohitaji kutoka kwenu kabla ya kuanza ni vitu viwili kwa maandishi: orodha ya mafungu ya anwani yatakayofungwa, na jina la cheo cha mtu atakayepokea fomu za kufunguliwa.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa seva na mitandao,
Tanga